Prefe na Telekomande Yake

Telekomande, yaani rimoti ya televisheni, aliifunga ndani ya mfuko wa nailoni, akaukaza mfuko kwa lastiki, na yote hayo akayatia kwenye mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo. Alikwenda nayo shambani na alikwenda nayo misa. Siku moja kanisani, wakati wa kupeana amani, nilimwona anaingiza mkono kwenye koti, anapapasa kuhakikisha ipo, halafu anautoa mkono huohuo na kuninyooshea mimi. Nikaipokea amani ya Kristo, lakini nilijua nani amesalimiwa kwanza.

Hapa Kalembe sote tulimwita Prefe, kwa sababu kwa miaka mingi alikuwa mkuu wa shule ya sekondari, na alipostaafu alirudisha funguo za ofisi, cheo akabaki nacho. Mke wake tulimwita Mama Prefe. Jina ambalo Prefe alipewa na wazazi wake sitaliandika. Hatukulitumia wakati wa heshima, sitaanza kulitumia wakati wa dharau. Nyumba yake na yangu zinatenganishwa na ua wa matete tu, kwa hiyo ninachokisimulia nimekiona mwenyewe, na ambacho sikukiona nilikisikia, maana televisheni yake ilisikika hadi ng'ambo ya kijito.

Aliinunua Goma, kwenye duka kubwa la vioo, ikaletwa hapa juu ya pikipiki ikiwa imefungwa ndani ya godoro. Siku ya kuiwasha alitualika majirani wote. Ilipowaka mara ya kwanza iliuliza swali moja kwa Kifaransa: itatumika wapi, Maison au Magasin? Nyumbani au dukani? Tulikuwa tumeketi sebuleni kwake, juu ya viti vyake, tunakunywa chai ya mke wake. Hata kuku aliyekuwa mlangoni alijua hapo ni nyumbani. Prefe akasimama, akakohoa kidogo, akatugeukia kama yuko mbele ya darasa.

"Maison iko ya bantu ya kawaida," alisema. "Benye kununua ku soko, chini, mu vumbi. Hii mimi niliitosha mu magasin. Njo maana tunaweka Magasin."

Akabonyeza, na sisi tukapiga makofi.

Hali hiyo ya Magasin imetengenezwa kwa ajili ya wauzaji. Ukiiweka, televisheni inajisifu yenyewe. Kila baada ya muda utepe unapita chini ya picha ukitangaza uzuri wa rangi zake na nguvu za spika zake. Na chochote unachorekebisha, cha picha au cha sauti, inakifuta baada ya kitambo na kurudia makelele ya dukani, ili mteja anayeingia aikute imechangamka. Nilipata kulijua hilo nilipopeleka maharagwe Goma, nikamkuta muuzaji anaitoa televisheni ya mteja kwenye Magasin na kuiweka Maison kabla ya kumfungia. Nilirudi nikamwambia Prefe mbele ya watu. Alinitazama kuanzia kilemba hadi kandambili.

"Mama, weye unauzishaka maharagi," alisema. "Siku nitakuwa na swali ya maharagi, nitakuita."

Watu wakacheka. Nilimwambia tena Jumapili iliyofuata, na nyingine tena, mpaka mke wake akanivuta jikoni na kuniomba niache. "Akijua ile kitu, Mama, atatafuta ingine ya kutusumbua nayo," alisema, akaendelea kuchambua mchele.

Kila Jumapili baada ya misa tulikwenda kwake, kwa sababu hapakuwa na pengine pa kwenda. Na lazima niseme kwamba hakumtoza mtu hata senti. Wenye saluni za video huko Walikale wanakaa mlangoni na kukusanya pesa hata kwa kipofu, lakini Prefe alikaribisha wote, akatoa chai, akatoa mihogo ya kuchemsha. Tulilipa kwa njia nyingine. Tulilipa kwa kusikiliza.

Hakuwahi kufungua menyu kimyakimya. Alisoma kila neno kwa sauti, na baada ya kila neno alitutangazia uamuzi wake. "Image. Tunapita. Chaîne. Tunapita. Son. Hapa tunaingia." Akiingia humo ndani ya Son, yaani mambo ya sauti, alikaa kama mtu aliyefika kwao. Kulikuwa na Standard, Musique, Film, Sport, na kila moja alitufundisha maana yake, kisha akatuuliza maswali. Nimewahi kumwona anamsimamisha mzee mwenye wajukuu, mtu aliyekuja kutazama mpira na kupumzisha miguu yake, anamuuliza, "Basse njo nini?" Mzee akasema hajui. "Umesikia vile nilieleza juma lililopita? Ulikuwa wapi?" Mzee wa watu akaomba radhi, akakaa, na kipindi cha kwanza cha mpira kikaisha.

Alikuwa na msemo wake kuhusu réglage, yaani huko kurekebisha, na aliutumia kila alipopata nafasi: "Televisheni bila réglage iko dirisha tu." Siku ya kwanza niliupenda. Siku nyingine zote nilitamani dirisha.

Basse, yaani sauti nzito ya chini, aliipandisha hadi mwisho wa mstari. Aigu, yaani sauti nyembamba ya juu, aliishusha hadi pasipobaki kitu, akisema hiyo ni ya wanawake na mbuzi. Kwa hiyo msoma habari aliongea kama yuko ndani ya mtungi. Tulijua kuna habari, tulijua ni mbaya kwa sababu ya uso wake, lakini ni wapi na ni nini hatukujua. Vikombe vilitetemeka kabatini. Mama Prefe alikuwa na desturi ya kuvitoa vyote kila Jumapili na kuvipanga chini, juu ya gunia, kisha jioni anavirudisha. Siku moja nilimuuliza kwa nini havibaki chini moja kwa moja. Akasema mume wake hapendi kabati tupu wageni wa siku nyingine wakija.

Na televisheni, kwa kuwa iko dukani, ilifuta yote hayo kila baada ya kitambo. Prefe anamaliza kurekebisha, anarudisha mgongo kwenye kiti, anavuta pumzi, na ghafla sauti inaruka, rangi zinawaka, utepe unapita. Hapo anasimama.

"Nani amegusa?"

Telekomande imo mkononi mwake. Hakuna mwingine aliyewahi kuishika, hata kuifuta vumbi. Bado aliuliza, tena kwa ukali wa kweli, na alitaka jibu. Alilaumu paneli ya jua, alilaumu mvua ya Masisi, alilaumu simu za vijana. Alinilaumu mimi kwa kupita nje na ndoo ya bati. Mkwe wake aliyetoka mbali kuja kuwasalimu alikohoa wakati sauti inaruka, akaambiwa akakae nje na kikohozi chake. Halafu Prefe anarudi kwenye menyu, Image tunapita, Chaîne tunapita, na kwa vile menyu ile ilifunika nusu ya picha, mabao mengi tuliyajua kwa kelele za watu wa Ulaya. Tulishangilia kitu tusichokiona.

Vita vilipotufikia tulikimbia wote, siku moja, barabara moja, kuelekea upande wa Masisi. Prefe aliibeba televisheni mgongoni kwa kitenge cha mke wake, namna mama anavyobeba mtoto. Mama Prefe alibeba godoro, sufuria, unga, na betri ya gari ambayo bila hiyo televisheni haiwaki. Mvua ikanyesha. Walikuwa na turubai moja. Nani alifunikwa? Nilikuwa nyuma yao, niliona maji yakichuruzika kwenye shingo ya yule mama, na mbele yake televisheni inakwenda kavu kabisa. Penye daraja la magogo kijana mmoja alimwomba amshike bibi yake mkono avuke. Prefe alisema, "Uniwie radhi, niko na mzigo ya kuvunjika." Bibi alivukishwa na Mama Prefe, pamoja na betri.

Mtu huyohuyo, tulipofika tulipofika na kukaa chini ya mabanda ya majani, alikusanya watoto wa wakimbizi asubuhi ya pili. Hakukuwa na ubao, hakukuwa na chaki. Alichora kwa kijiti kwenye udongo, na ukilowa alichora tena. Aliwajua wote kwa majina, na yule asiyekuja alimfuata hadi kwenye banda lao na kumuuliza mama yake sababu. Alifanya hivyo mpaka tuliporudi nyumbani, na hakuna aliyemlipa. Hilo nalisema kwa kuwa ni kweli, na silisemi kwa furaha. Nilikuwa nakaa nyuma ya wale watoto na kumtazama, nikajisemea kwamba kumbe ndani ya lile koti kuna mtu. Tuliporudi Kalembe alifungua kitenge, akaiwasha, akaingia kwenye Son, na yule mtu sikumwona tena.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo bila hilo nisingeshika kalamu.

Mdogo wangu Furaha aliolewa na mwanaume mpole wa hapahapa, mchimbaji wa Omate. Alikuwa anashinda kule machimboni miezi, anarudi na chochote alichopata, na kwa jasho hilo walinunua shamba la juu, lile la kwenye mteremko, udongo mweusi, maharagwe yanaota bila kubembelezwa. Mara ya mwisho alirudi na kifua kibovu. Alipoona hataamka alimwambia Furaha ashike simu amchukue video, akasema maneno yake mbele ya ile simu. Nilikuwa kando ya kitanda. Alisema: "Shamba ya juu iko ya Furaha na batoto. Kaka asiiguse. Nasema hii niko na akili yangu yote." Kisha akaomba maji. Baada ya siku chache tulimzika.

Kaka aliyemtaja ni kaka yake mkubwa, ambaye alikuwa ameshaanza kupima lile shamba kwa macho.

Kwa ukoo wao kuna desturi. Neno la marehemu linapokelewa siku ya kuondoa kilio, watu wote wakiwa pamoja, kabla majivu ya moto wa kilio hayajatupwa. Majivu yakishatupwa, neno lolote linalokuja nyuma linahesabiwa kuwa la kupika. Na kama neno halikuwafikia watu vizuri, chefu, yaani chifu wa kijiji, anamuuliza mtu mmoja aliyeketi karibu kuliko wengine, asiye wa upande wa mume wala wa upande wa mke, na atakachojibu huyo ndicho kinachobaki. Zamani huyo alikuwa mtu aliyekaa kitandani kwa mgonjwa. Siku hizi kuna video, na sisi tulifurahi, tukasema safari hii marehemu atajisemea mwenyewe.

Simu ile ilikuwa imekwisha kufa kwa maji, lakini fundi aliitoa ile video na kuiweka kwenye kle, kile kijiti kinachochomekwa kwenye televisheni. Kaka mkubwa akasema vizuri, anataka kumwona ndugu yake na kumsikia, hataki kusimuliwa. Chefu akakubali. Na Prefe, kabla mtu hajamwomba, akasema sebule yake iko wazi.

Nilimfuata asubuhi ya siku ile. Nilimwomba kama ninavyomwomba Mungu.

"Prefe, leo usiingie mu menu. Weka kle, panda volume, basi. Mudogo yangu anaangalia maisha yake yote mu ile télé."

"Mama," alisema, na kunishika bega, "maneno ya marehemu inaomba son ya heshima."

Tangu asubuhi ile alikuwa anaijaribu kwa nyimbo za kwaya. Niliposikia kuta zinatetemeka nilidhani ni bidii. Sikujua anaimaliza betri.

Watu walijaa. Wa ndani walikaa chini, wa nje walijibana madirishani. Kaka mkubwa alikaa mbele na mikono kifuani. Katekista wetu alisimama kwenye dirisha la kando, nyuma kidogo ya kiti cha Prefe. Furaha alikaa sakafuni na mtoto wake mdogo miguuni. Prefe akachomeka kle, na shemeji yangu akatokea, amekonda, macho makubwa, hai. Wanawake wakaanza kulia. Midomo yake ikafunguka, na kilichotoka ni mngurumo.

"Munyamaze," alisema Prefe. "Naingia mu Son."

Menyu ikashuka na kumfunika marehemu mdomo. Prefe akasoma kwa sauti, Standard, Musique, akachagua Film. Mngurumo ukazidi. Akaenda kwenye basse. Furaha alipiga magoti, akaweka sikio kwenye spika, akapiga kelele, "Prefe, acha! Acha vile iko!" Nilisimama niichukue ile telekomande mkononi mwake. Akaiinua juu ya kichwa chake, ni mtu mrefu, sikuifikia. Akarudisha video mwanzo. Shemeji yangu akaanza tena kufa mbele yetu, na safari hii, alipofika kwenye neno lenyewe, sauti ikaruka, rangi zikawaka, na utepe ukapita juu ya kifua chake ukisifu ubora wa picha.

"Nani amegusa?"

Kisha ikazimika. Betri ilikuwa imekwisha.

Chefu alingoja kilio kitulie, akauliza nani amesikia. Furaha akasema mimi. "Weye uko bibi yake," alisema chefu, kwa upole. Nikasema mimi. "Weye uko dada ya bibi." Halafu akamgeukia Prefe, kama desturi inavyotaka.

"Prefe, weye ulikuwa karibu kuliko siye bote. Tena weye si wa huku, si wa kule. Marehemu alisema nini?"

Nitasema nilichokiwaza, na siwezi kukionea haya. Niliwaza: tumepona. Mtu huyu hajawahi kusema hajui kitu tangu nimfahamu. Alitutafsiria nyimbo za lugha asizozijua. Alitueleza viwanja vya Ulaya milango yake iko upande gani. Kijiji kizima kilikuwa kinajua marehemu alisema nini, Furaha alikuwa amelia nalo tangu siku ya kifo. Prefe alitakiwa kufanya kitu kimoja tu, kile alichokifanya kila Jumapili ya maisha yake: kujifanya anajua. Na mara hii moja angekuwa amesema kweli.

Aliangalia telekomande. Alituangalia.

"Sikusikia," alisema. "Mbele ya Mungu, sikusikia kitu."

Kaka mkubwa akatoka nje, akachukua koleo, akatupa majivu.

Maharagwe yalikuwa yameanza kutoa maua. Kaka mkubwa alilikodisha shamba kwa mwenye ng'ombe, na ng'ombe wakaingia wakati Furaha anatazama kutoka barabarani. Sasa analima kwa watu. Akirudi jioni ana mgongo wa bibi kizee, naye ni mdogo wangu. Baadaye fundi alimwekea ile video kwenye simu nyingine, na ukiisikiliza humo, kila neno liko wazi. Hata jogoo aliyewika nyuma ya nyumba siku ile anasikika. Watoto wanaijua yote kwa kichwa. Tulikwenda nayo kwa chefu, akaisikiliza mpaka mwisho, macho yakamlowa, akasema, "Mama, majivu yalishatupwa."

Prefe je? Prefe alijipatia sifa. Alizunguka kijijini akisema yeye si mtu wa kuongopea maiti. Alilisema hilo mpaka kanisani, mlangoni, wakati watu wanatoka. Na wapo waliomsifu. Miaka yote iliyofuata nilipita mbele ya nyumba yake bila kugeuza shingo, na Jumapili zangu nikazitumia kufua.

Mwezi uliopita, asubuhi ya siku ya soko, nilikuwa napita na kapu langu, Mama Prefe akanikimbilia hadi barabarani. "Ingia kidogo, Mama. Anakuita. Anakuita tangu juma lililopita." Niliingia kwa ajili yake.

Alikuwa ameketi uani, karibu na ua wa barabarani, kwenye jua, amepungua mpaka koti limekuwa la mtu mwingine. Alinionyesha kiti.

"Kaa ku mukono ya kuume," alisema. "Huku kwingine kulikufa."

Sikuelewa. Akaniambia. Sikio la kushoto lilikufa zamani, akiwa bado shuleni. La kulia linapokea vitu vizito tu: ngoma, lori, radi. "Sauti ya bantu inanifikia bila maneno," alisema. Wanafunzi alikuwa anawasoma midomo. Wageni wakiongea alikuwa anaitikia. Alipandisha basse kwa sababu angalau hiyo aliipata kifuani. Mke wake alikuwa anajua, na alikatazwa kusema. Prefe hawezi kuwa kiziwi, alisema, watu wangemwitaje?

Nilihisi huruma inapanda. Kweli ilipanda.

"Sasa nilikuita juu ya hii," aliendelea. "Ile siku ya kilio, weye ulinichukia. Nataka ujue sikuongopa. Nilisema sikusikia, na kweli sikusikia. Ni vile?"

Alinitazama mdomoni, anangoja nimwambie ni vile.

Nilikumbuka alichoniambia katekista baadaye. Pale dirishani, katikati ya mngurumo, alishika "shamba" na alishika "Furaha", na alikuwa tayari kuyasema. Lakini aliyekaa mbele yake, mwenye telekomande, bwana wa son, alikuwa amesema hakuna kilichosikika. Yeye ni nani hata aseme alisikia? Kama Prefe angesema, "Mimi sina masikio, muulizeni mwingine," chefu angemgeukia katekista, na leo Furaha angekuwa juu kwenye mteremko wake, anapalilia. Neno moja lilitakiwa. Alilijua. Alilikalia ili aendelee kuitwa Prefe na watu ambao yeye hata hawasikii wakimwita.

"Unajua marehemu alisema nini?" nilimuuliza, nikitamka polepole.

"Hapana," alisema. "Bantu balikuwa banasema, mimi naitika tu. Lakini Mama, nakuomba kitu moja. Hii ya masikio ibakie hapa kwetu. Usiambie muntu."

Huruma ikashuka yenyewe. Niliweka kapu chini. Nilisogeza kiti changu mpaka magoti yangu yakagusa yake, nikaweka mikono miwili kuzunguka lile sikio la kuume, na nikayasema yale maneno kwa nguvu zote ambazo miaka ya kunadi maharagwe sokoni imenipa.

"SHAMBA YA JUU IKO YA FURAHA NA BATOTO!"

Barabarani, nyuma ya ua, miguu ikasimama. Watu wa soko walikuwa wanapita na mizigo yao kichwani. Niliwaona kati ya matete wanageuza nyuso, mmoja, wa pili, kisha wengi, na mama mmoja akatua ndizi zake chini ili asikilize vizuri.

"KAKA ASIIGUSE! NASEMA HII NIKO NA AKILI YANGU YOTE!"

Uso wake ulibadilika. Yalimfikia. Niliona yanavyoingia, neno moja moja, mpaka midomo yake ikaanza kuyafuata. Halafu akawaona watu barabarani. Akanishika kifundo cha mkono kwa vidole vyake vya baridi.

"Punguza sauti, Mama," alisema. "Bantu banasikia."

Nilivuta pumzi, nikayarudia tangu neno la kwanza.